Je, Wajua? Tangi la Matumbawe Lina Kiu ya Maji Matamu
Maji yakipungua kwa kukauka, tangi la matumbawe la nyumbani haliongezwi maji ya bahari. Huongezwa maji matamu. Utasema matumbawe ni viumbe wa baharini. Naam, lakini kinachopaa ni maji tu. Chumvi hubaki, na ule ukoko mweupe ukingoni mwa kioo ndio ushahidi. Tangi la lita 100, lenye gramu 35 za chumvi kwa lita, likipoteza lita 5, kila lita iliyobaki ina karibu gramu 37. Bahari nayo hupoteza maji juani, ila hurudishiwa mvua na mito. Maji ya chumvi yana siku yake: ya kubadilisha maji, chumvi nayo inapotolewa. (Maji ya bomba yachujwe kwanza, klorini hudhuru matumbawe.)