Bawasiri ya ndani: Tiba ipo, lakini kwanza damu ijulikane inatoka wapi

Katika nchi za Maziwa Makuu, mtu anayeona damu chooni mara nyingi hupitia njia ile ile. Hunyamaza kwa miezi kadhaa, kisha humnong'oneza jirani, kisha hununua mitishamba sokoni au marhamu katika duka la dawa. Hospitali huja mwisho. Kimya hicho hutokana na haya, na haya si jambo la kubezwa. Lakini ndicho kinachofanya maradhi mepesi kutibika yafike kwa daktari yakiwa mazito, na wakati mwingine ndicho kinachoficha maradhi mengine kabisa.

Bawasiri haianzi kama kitu kigeni mwilini. Kila binadamu huzaliwa na vijimto laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, na kazi yake ni kusaidia kuifunga njia hiyo ili upepo na choo visitoke bila hiari. Kujikamua kwa miaka mingi, choo kigumu, kuharisha kusikokwisha au uzito wa ujauzito hulegeza nyama zinazovishikilia. Vijimto huvimba na kuteremka, na hapo ndipo huitwa bawasiri.

Ile ya ndani hukaa juu ya mstari unaotenganisha utando wa utumbo na ngozi ya nje. Juu ya mstari huo hakuna neva za maumivu kama zile za ngozini, na ndiyo sababu bawasiri ya ndani hutoa damu bila kuuma. Maumivu makali ya ghafla huashiria zaidi ufa katika ngozi, jipu, au damu iliyoganda katika bawasiri ya nje.

Madaktari huigawa katika madaraja manne. Katika daraja la kwanza bawasiri hutoa damu lakini haitokezi nje. Katika la pili hutokeza wakati wa haja na kurudi yenyewe. La tatu huhitaji kurudishwa kwa kidole, na la nne hairudi tena. Mgawanyo huu ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa tiba ipi itolewe.

Kabla ya tiba, hata hivyo, lipo swali ambalo wagonjwa wengi hulivuka: je, ni bawasiri kweli? Damu yake kwa kawaida ni nyekundu mbichi, hudondoka baada ya choo au huonekana juu yake, haichanganyiki nacho. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Ziwa Tanganyika, damu iliyochanganyika na choo inaweza kuwa ya kichocho cha tumbo, kinacholetwa na minyoo inayoingia kupitia ngozi mtu anapooga, kufua au kuvua samaki katika maji yenye konokono wanaoibeba. Kichocho hutambuliwa kwa kupima choo na hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Marhamu ya bawasiri hayakifikii kamwe. Amiba nayo huleta kuhara damu.

La kuogofya zaidi ni saratani ya utumbo mpana na ya puru. Choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, hisia ya kwamba haja haijaisha, kukonda bila sababu, au mzazi ama ndugu aliyewahi kuugua saratani hiyo ni mambo yanayodai uchunguzi wa kina. Umri mdogo si kinga. Nchini Marekani, umri wa kuanza kuwapima watu wasio na dalili yoyote ulishushwa mwaka 2021 kutoka miaka 50 hadi 45, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa ukiongezeka miongoni mwa vijana. Choo cheusi kama lami ni habari nyingine tena: damu inatoka juu, tumboni, na safari ya hospitali haipaswi kungoja asubuhi. Uchunguzi wa mwanzo ni mfupi. Daktari hutumia kidole chenye glavu na mrija mdogo wenye mwanga, na kwa kawaida dakika chache hutosha.

Ikithibitika kuwa ni bawasiri ya daraja la kwanza au la pili, jikoni ndiko tiba inakoanzia. Nyuzinyuzi za chakula hulainisha choo, na tafiti zimeonyesha kwamba kuziongeza hupunguza kutoka damu kwa karibu nusu. Mtu mzima huhitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa karibu nusu ya kiasi hicho. Kinachobaki hupatikana katika sombe, mchicha, parachichi, papai, uji wa ulezi na ugali wa dona badala ya sembe iliyokobolewa. Nyongeza hiyo ifanywe polepole na maji yanywewe ya kutosha, la sivyo tumbo hujaa gesi na mgonjwa huacha baada ya siku tatu. Pilipili, ambayo hulaumiwa kila mahali, imebebeshwa lawama kubwa kuliko ushahidi uliopo.

Mwenendo wa chooni nao ni dawa. Haja isizuiliwe inapokuja, na mtu asikae humo akisoma simu. Anayetumia choo cha kukalia anaweza kuweka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hutuliza mwasho. Marhamu hufanya hivyo hivyo, wala hayaondoi bawasiri yenyewe; yale yenye steroidi yasitumiwe zaidi ya wiki moja bila ushauri, kwani hudhoofisha ngozi. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama kuliko kodeini au tramado, ambazo hufunga choo. Unga wa kuchoma na sindano zisizojulikana za baadhi ya waganga zimewaachia watu vidonda na njia iliyosinyaa, mateso makubwa kuliko bawasiri waliyotaka kuiondoa.

Damu isipokoma, tiba inayotumika sana hospitalini ni kufunga bawasiri kwa mpira mdogo. Njia hii ilienea baada ya daktari James Barron wa Detroit kuiboresha mwaka 1963. Mpira hukata damu isiifikie bawasiri, nayo hunyauka na kuanguka baada ya siku 5 hadi 10. Hakuna nusu kaputi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Bawasiri inaweza kujirudia na mipira ikahitajika tena. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima amwambie daktari mapema. Ni nadra, lakini homa, maumivu yanayozidi na kushindwa kukojoa baada ya kufungwa mpira ni dharura. Mahali pasipo na mipira, sindano ya kukausha mishipa hutumika kwa bawasiri ndogo.

Upasuaji huachiwa daraja la nne na yale ya la tatu yaliyoshindikana. Ule wa kukata, ulioelezwa na Milligan na Morgan mjini London mwaka 1937, ungali ukifanywa kote duniani, kwani baada yake bawasiri hairudi kwa wepesi. Gharama yake ni maumivu ya wiki mbili hadi nne. Ule wa kutumia mashine ya kubana, uliokuja miaka ya 1990, huuma kidogo mwanzoni, ila bawasiri hurudi mara nyingi zaidi.

Wajawazito kwa kawaida hawapasuliwi, kwa kuwa hali nyingi hupungua baada ya kujifungua. Kwao, na kwa yeyote aliyetokwa damu kwa muda mrefu, kipimo cha wingi wa damu kisisahauliwe. Uchovu na moyo kwenda mbio hudhaniwa upesi kuwa malaria, kumbe damu imepungua. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa hapo hufunga choo na kukifanya cheusi, hivyo mgonjwa aombe ushauri wa kulainisha choo siku ile ile anapoandikiwa.