Jani la Alfalfa: Lishe ya Ng'ombe na Siha ya Mtoto



Katika Sura Abasa, mwanadamu anatakiwa akitazame chakula chake, naye anatajiwa nafaka, zabibu, zeituni na mitende. Miongoni mwa neema hizo, katika aya ya 28, limo neno qadhb, ambalo wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni majani mabichi ya malisho, yaitwayo kwa Kiarabu fisfisa. Ndiyo asili ya jina alfalfa. Jamaa zetu walioko Oman huyaita qatt, na huwalisha mbuzi na ngamia.

Hapa kwetu Kenya, wafugaji wa nyanda za juu huyaita lusani. Huko Ndalu, upande wa Bungoma unaoelekea Kitale, ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mfugaji hahitaji kufundishwa kwamba malisho yenye protini huongeza maziwa. Swali ni la mtoto. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kiini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na uji na ugali mtupu huweza kushiba na bado akapatwa na kwashakoo: miguu huvimba na nywele hupauka.

Jani la alfalfa lina laisini kwa wingi, lakini tumbo la mwanadamu haliwezi nyuzinyuzi zake kama liwezavyo tumbo la ng'ombe. Mwingereza N. W. Pirie, wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, alianza kulishughulikia jambo hili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Njia yenyewe haitakuwa ngeni kwa mama aliyezoea kukamua tui. Majani mabichi huoshwa, hupondwa na kukamuliwa. Maji yake hutiwa motoni upesi hadi yakaribie kuchemka, nayo hukatika kama maziwa. Mabonge ya kijani yanayoelea huchujwa kwa kitambaa safi na kukamuliwa tena. Hayo ndiyo protini ya jani, pamoja na madini ya chuma na asili ya vitamini A. Machicha yake hurudi kwa ng'ombe, wala hakuna kinachopotea.

Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliidhinisha kitu hiki kiuzwe kama kirutubisho cha nyongeza, kisichozidi gramu 10 kwa siku. Na hapa mama apige hesabu kabla ya kufungua mkoba. Takriban nusu ya gramu hizo ndiyo protini, yaani gramu 5 hivi. Yai moja la kuku lina gramu 6. Basi kijiko cha unga huo ni nyongeza juu ya chakula, si badala ya maharagwe, maziwa wala samaki. Tena, majani makavu yaliyosagwa tu, bila kukamuliwa, si kitu kile kile, kwani nyuzinyuzi zake zingalimo.

Tahadhari nazo zipo. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiile bila idhini ya daktari, kwa kuwa majani haya yana vitamini K nyingi. Mwenye maradhi ya lupasi aiepuke. Mjamzito na mama wa mtoto mchanga waulize kwanza zahanati. Majani yaliyopigwa dawa ya wadudu hayafai. Na ikiwa unauzwa ndani ya vidonge, soma karatasi yake: jani ni halali, lakini ganda la kidonge huenda limetengenezwa kwa jelatini ya nguruwe.

Asiyeipata asihuzunike. Mchicha, mnavu na majani ya kunde yamo sokoni Kitale kama yalivyo Mombasa. Yakiliwa pamoja na ugali na maharagwe, au mbaazi, au dagaa, sahani ya mtoto imetimia kwa gharama ndogo. Tumeamrishwa tukitazame chakula chetu. Basi tukianzie kukitazama katika sahani ya aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu siha na umri mwema. Amin.