Ringi Ngumu Si Ile Inayong'aa

Pale Tunduma pikipiki ikishaacha lami ya barabara kuu na kuingia vijijini Momba, au kupanda milima ya Ileje, ikiwa na abiria na gunia la mahindi, kila jiwe hupokelewa na gurudumu. Ringi ikipinda, siku ya kazi imepotea.

Wengi wetu dukani hufuata mng'aro. Huchukua ringi za kumiminwa zisizo na spoku, vijana huziita spoti. Kwenye lami hazina neno. Zikigonga jiwe kwa nguvu huweza kupata ufa, na ufa haunyooshwi kwa nyundo. Ringi ya spoku hunesa. Ikipinda kiasi, fundi huinyoosha na kubadili spoku zilizokatika. Ila mwenye spoti akitaka kuhamia spoku, ajue atabadili na kitovu cha gurudumu.

Ya chuma ni nzito na hushika kutu, lakini bei yake nafuu. Aluminiamu imara ni nyepesi, ila ile laini hubonyea upesi.

Kabla hujalipa, soma namba zilizogongwa. 1.85x18 maana yake upana inchi 1.85, kipenyo inchi 18. Hesabu na matundu. Yakiwa 36, kitovu nacho kiwe na 36. Baada ya safari chache, mrudie fundi akaze spoku.

Mwisho, pima upepo. Tairi likilegea, jiwe hufika moja kwa moja kwenye ringi, hata iwe ngumu namna gani. Ringi nyingine utainunua. Mguu wa abiria wako hauuzwi dukani.