Kadi Imebaki Nyumbani, Bima Je?

Wewe unakaa dakhalia Chake Chake, wazazi wako Micheweni. Homa inakupanda usiku na kadi ya bima iko kabatini kwa mama. Je, utatibiwa?

Kwanza tuelewane: kadi siyo bima. Cheti chako cha Kidato cha Nne kikiungua, matokeo yako bado yapo Baraza la Mitihani. Bima ni hivyo hivyo. Jina lako limo katika daftari la mfuko, kadi inalionyesha tu.

Mifuko yenyewe ni ipi? Hapa kwetu upo Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza mwaka 2023 na watumishi wa umma pamoja na familia zao. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Wengi wetu Pemba tumezoea matibabu bure, sera iliyoanza baada ya Mapinduzi ya 1964, ndiyo maana mambo ya kadi bado mageni kwetu.

Karani wa mapokezi anatafuta majibu mawili. Moja: jina hili limo kwenye daftari na michango inalipwa? Pili: huyu aliye mbele yangu ndiye mwenye jina? Kadi inajibu yote, kwa namba na kwa picha. Ukiwa huna kadi, jibu kwa njia nyingine:

1. Taja namba ya uanachama. Iandike leo nyuma ya daftari lako, tena mwachie mwalimu wa dakhalia.
2. Taja majina yako matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. "Fatma" na "Fatuma" kwa kompyuta ni watu wawili!
3. Taja jina la mzazi anayechangia na mahali anapofanya kazi.
4. Onyesha kitambulisho chenye picha. Kama hujafika miaka 18 na huna cha Mzanzibari Mkaazi, chukua cha skuli, na uende na mtu mzima anayekujua.

Mtandao ukiwa chini, omba karani apige simu ofisi ya mfuko. Ukilazimika kulipa, tunza risiti, mzazi aulize mfuko kama atarejeshewa.

Na kadi ya rafiki je? Hapana, usiazime! Huo ni udanganyifu, na hatari yake ni kubwa zaidi ya faini. Matibabu yako yataandikwa kwenye faili lake. Siku rafiki akiletwa hajitambui, daktari atasoma kundi la damu lako akidhani ni la mwenyewe, au hataona kwamba penisilini inamdhuru.

Kama hali ni mbaya, mtu anatoka damu au hapumui vizuri, usirudi nyumbani kutafuta kadi. Mkimbize hospitali, karatasi zitafuata.

Basi, kabla hujalala leo: namba yako ya uanachama unaijua?