Ukiita boda, unaita nini?

Ita "boda!" kule Nairobi, pikipiki tatu zinakujia mbio. Hapa Busia unaweza kuonyeshwa Uganda. Neno ni la Kiingereza, "border", yaani mpaka. Miaka ya 1960 wenye baiskeli walivusha watu huku, maana kati ya geti letu na la Uganda kulikuwa na mwendo, na gari halivuki bila makaratasi. Wakawa wanaita abiria: "Boda! Boda!" Ilikuwa safari, si mtu. Pikipiki zililirithi jina, zikajaa Kenya nzima baada ya VAT kuondolewa kwa zile ndogo, 2008. Sasa hata dereva ni "boda". Hapo mimi nakataa, msee. Unampigia kila asubuhi, anabeba mtoto wako shule, na kwa simu umemsevu "Boda 2"?