Mkate wa jibini unaowakumbusha wafugaji kuwa akiba haiozi

UKIALIKWA mezani nchini Georgia, taifa dogo lililo kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi, ni nadra kuondoka bila kuonja khachapuri. Huu ni mkate wa ngano wa mviringo uliojazwa jibini, ambao hukatwa vipande na kila aliyeketi akachukua chake ungali moto.

Kwa mgeni, huo ni mlo mtamu tu. Kwa mchumi wa kilimo, ndani yake mna hesabu nzima ya mfugaji.

Jinsi ya kuutayarisha

Aina inayopikwa sana majumbani hutoka eneo la Imereti, magharibi mwa nchi hiyo. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira, chumvi kidogo na mililita 300 za maziwa vuguvugu. Kanda hadi unga ulainike, funika na uache uumuke kwa saa moja.

Kwaruza nusu kilo ya jibini laini na uchanganye na yai moja. Gawanya unga mara mbili, sukuma kila donge na uweke nusu ya jibini katikati. Kusanya kingo juu kama mdomo wa mfuko, finya, geuza, kisha sukuma polepole hadi utoshe sahani. Toboa tundu dogo la kutolea mvuke. Oka katika tanuri lenye moto mkali kwa takriban dakika 15, au tumia kikaango kilichofunikwa. Paka siagi na ukate vipande vinane.

Sasa tupige hesabu. Kilo moja ya jibini huhitaji takriban lita 8 hadi 10 za maziwa. Mikate hii miwili basi imebeba lita nne au tano, mbali na maziwa ya kukandia. Ndiyo maana bei ya jibini huamua gharama yake kuliko bei ya unga.

Kipimo cha uchumi

Mwishoni mwa miaka ya 2000, wachumi wa chuo cha ISET jijini Tbilisi walianza kukokotoa gharama ya kuoka khachapuri moja nyumbani, kuanzia unga na jibini hadi gesi na umeme. Hesabu hiyo, waliyoiita Fahirisi ya Khachapuri, huwasaidia kufuatilia mfumuko wa bei.

Kwa kawaida gharama hupanda majira ya baridi na kushuka majira ya joto. Sababu yake iko zizini. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika 1991, mashamba ya pamoja yaligawanywa, na hadi leo maziwa mengi hutoka kwa familia zenye ng'ombe wachache. Majira ya joto mifugo hushiba malishoni. Theluji ikianguka hutegemea nyasi kavu, na asiyeweka za kutosha hukamua kidogo wakati bei ni nzuri.

Mahitaji nayo hubadilika. Waumini wengi wa Kanisa la Orthodoksi hujinyima jibini wakati wa mfungo kabla ya Pasaka, wakala lobiani, mkate kama huo uliojazwa maharagwe.

Anayenufaika ni mwenye akiba. Familia za vijijini hugandisha maziwa yanapokuwa tele na kuhifadhi jibini katika maji ya chumvi, hivyo maziwa ya majira ya joto huingia sokoni baridi ikishika.

Funzo kwetu

Humu nchini Kenya hatuna theluji, lakini tuna kiangazi na masika. Mapema 2010, baada ya mvua nyingi, wafugaji walimwaga maziwa kwa sababu viwanda vilishindwa kuyapokea yote.

Je, jibini lingewaokoa? Si lazima. Ikiwa lita 10 zinakupa kilo moja, bei ya kilo hiyo sharti ipite bei ya lita 10, ukiongeza gharama ya kuni, chumvi, dawa ya kugandishia, mahali safi pa kazi na muda wako. Mnunuzi wa maziwa akilipa vizuri, muuzie. Lakini siku ambayo hakuna mnunuzi, maziwa hayo hayana bei, na kilo ya jibini iliyohifadhiwa vyema ni faida.

Kabla ya kununua sufuria ya jibini, hata hivyo, tazama ghala lako la lishe. Mvua ikinyesha, kata nyasi, zikaushe au utengeneze saileji. Mfugaji wa Georgia mwenye nyasi za kutosha hukamua wakati jirani yake anangoja theluji iyeyuke. Nawe ukiwa na lishe Februari, utauza maziwa wakati wengine wanayatafuta.