Mfuko Usiopitisha Hewa na Usalama wa Mahindi

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu. Kupika hakuiondoi.

Mfuko usiopitisha hewa una karatasi moja au mbili za plastiki ndani ya gunia. Ukiufunga vizuri, wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Lakini mfuko haukaushi mahindi. Ukiyatia yakiwa na unyevu, yataharibika.

Pima hivi: weka mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, yaanike tena juu ya turubai.

Yaliyoota kuvu usimpe ng'ombe. Sumu hupitia maziwa hadi kwa mtoto.